Mabua yapo shambani, lakini udongo bado unaondoka: jinsi ya kutafuta chanzo

Wakulima wengi wa ardhi iliyochoka huacha mabaki ya mazao shambani kwa msimu mmoja au miwili. Wakiona maji ya tope bado yanatoka upande wa chini wa shamba, huamua kwamba matandazo hayasaidii, wakarudia kufyeka, kuchoma na kulima. Uamuzi huo unaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichoshindwa si matandazo. Pengine hayakuwepo siku yalipohitajika, au yalikuwepo lakini maji yakapata njia nyingine. Kila hali ina dalili zake, na kinachotibu moja hakitibu nyingine.

Siku inayohesabika ni ile ya mvua kubwa ya kwanza. Siku hiyo udongo ni mkavu, zao jipya halijaota, na hakuna jani bichi la kuukinga. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu hubomoa vidonge vyake. Chembe laini hurushwa huku na huko, huziba vitundu vya juu, na muda si mrefu uso wa shamba unaota gamba jembamba. Maji yanayofuata hukosa pa kuingilia, hukusanyika, kisha huteremka na udongo. Bua lililolala chini hupokea pigo la tone na pia huyakwamisha maji yanayotembea. Kivuli cha mti mrefu hakitoshi peke yake, kwani matone hujikusanya kwenye majani na kudondoka tena yakiwa makubwa. Kinachokinga hasa ni kile kinachogusa ardhi.

Tena udongo huondoka kimyakimya. Tabaka la milimita 1 tu likiondoka kwenye hekta nzima, umepoteza mita za ujazo 10, yaani takriban tani 12 au 13, na kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote.

## Pima kabla ya kulaumu

Chukua kamba ya mita 10, ipige mafundo kila baada ya sentimita 10 ili upate mafundo 100. Ivute shambani kwa mshazari, ikikata mistari ya kupandia. Kisha tembea ukitazama kila fundo kutoka juu moja kwa moja: je, upande uleule wa fundo umegusa bua, jani au ganda? Vipande vyembamba kuliko milimita 2 au 3 usivihesabu. Idadi ya mafundo yaliyogusa mabaki ndiyo asilimia ya kifuniko. Rudia sehemu tatu au nne, usichague zile zinazopendeza, kisha utafute wastani.

Kiwango cha chini kinachotumika katika kilimo hifadhi, yaani kilimo cha kusumbua udongo kidogo na kuuacha umefunikwa, ni asilimia 30, ikipimwa mara baada ya kupanda. Hapo udongo unaoondoka hupungua kwa nusu au zaidi ukilinganisha na shamba tupu. Kwenye asilimia 60 hupungua kwa robo tatu au zaidi. Kutoka 0 hadi 30 kunaokoa udongo mwingi kuliko kutoka 60 hadi 90, kwa hiyo mwenye mabaki machache asikate tamaa.

Pima mara mbili: baada ya kuvuna, na tena mvua zinapokaribia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayokuambia uanzie wapi hapa chini.

## Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, cha pili hakina kitu

Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote, na mara nyingi mambo mengine ndiyo yanayosingiziwa badala yake. Kati ya mavuno na mvua kuna miezi, na ndani ya miezi hiyo mabaki yana wateja wengi.

Mifugo huacha ushahidi ulio wazi: nyayo, kinyesi, na mabua magumu yaliyosimama uchi bila majani wala maganda. Ng'ombe na mbuzi huchagua. Huanza na majani, ambayo ni mepesi lakini ndiyo yanayofunika eneo kubwa. Ndiyo maana rundo linaweza kuonekana bado lina uzito wa kutosha huku kamba ikisoma asilimia 12. Kama mifugo ni yako, gawa bua badala ya kugawa shamba: kata juu ya kiuno, sehemu ya juu yenye majani laini ipeleke bandani, ya chini iache ardhini. Bandani mnyama hupoteza kidogo na samadi inakusanyika mahali pamoja, nawe unaweza kuirudisha kwenye shimo la kupandia. Panda majani ya malisho kwenye kingo za makinga maji ili mzigo wote wa kulisha usiwe juu ya mabua.

Kama mifugo ni ya wengine, na desturi ya mahali ni kwamba baada ya mavuno kila shamba huwa malisho ya wote, uzio wa mtu mmoja huzaa ugomvi. Hapo kinachosaidia ni makubaliano ya majirani kabla ya kuvuna: mashamba gani yafungwe, na kwa muda gani. Ikibidi mifugo iingie, iingie udongo ukiwa mkavu, itoke kabla kipimo hakijashuka chini ya 30. Kwato kwenye udongo wenye unyevu huushindilia, na hilo ni tatizo jingine tutakalolikuta mbele.

Moto hauhitaji uchunguzi. Lililo muhimu ni kujua unachukua nini. Karibu kaboni yote na sehemu kubwa ya naitrojeni na salfa hupaa na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki kwenye majivu, ila majivu yenyewe hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua ileile ya kwanza. Kama moto hutoka nje ya shamba lako, safisha ukanda wa kuuzuia kuzunguka mpaka mapema wakati wa kiangazi, na mabaki unayoyaondoa kwenye ukanda huo yatupe ndani ya shamba.

Mchwa nao huonekana kwa mirija ya udongo juu ya mabua na kwa mabua yaliyoliwa ndani yakajazwa udongo. Nakusihi usikimbilie sumu. Mchwa wanaokula mabaki hutoboa ardhi, na matundu yao huingiza maji mahali ambapo gamba lilikuwa limeziba. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyejulikana duniani kwa kufufua ardhi iliyokuwa gamba tupu, alitia samadi na takataka za mimea kwenye mashimo ya zai, yaani mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji, na kazi ya mchwa ilikuwa sehemu ya mafanikio hayo. Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba bua lililoliwa halifuniki. Kinachowezekana ni kucheza na muda. Acha mabua yamesimama mpaka mvua zikaribie ndipo uyalaze. Bua lililosimama huliwa na huoza polepole kuliko lililolala. Au hifadhi sehemu ya mabaki juu ya kichanja, uyatandaze wiki chache kabla ya kupanda. Mkulima anayeogopa kwamba mchwa watahamia kwenye mimea hai ajue kuwa mara nyingi huhamia hapo kitu kikavu kinapowaishia, kwa hiyo kulisafisha shamba likawa jeupe kunaweza kuongeza hasara.

Kama hakuna nyayo, majivu wala mirija, basi mabaki yameoza tu. Majani ya maharage na kunde yana naitrojeni nyingi na hutoweka ndani ya wiki chache za joto na unyevu. Mabua ya mahindi na mtama hukaa miezi mingi. Ukitegemea mabaki ya jamii ya mikunde peke yake, siku ya mvua utakuwa na udongo wenye rutuba na usio na nguo. Changanya: magumu yafunike, laini yalishe udongo.

## Hakuna kilichopotea, ila mabaki ni machache tangu mwanzo

Hapa ndipo kwenye fundo la ardhi iliyochoka, na ushauri mwingi hulipita kwa haraka. Shamba la mahindi linalotoa tani 1 ya nafaka kwa hekta hutoa takriban tani 1 hadi 1.5 ya mabua. Kufikia kifuniko cha asilimia 30 kwa mabua ya mahindi kunahitaji kama tani 2 hadi 3. Maana yake ni kwamba shamba linalohitaji kufunikwa kuliko yote ndilo lisiloweza kujifunika lenyewe. Kumwambia mwenye shamba hilo "acha mabaki" bila kumwambia yatakayojazia yatoke wapi ni kumwachia lawama.

Njia ya kwanza ni kuzalisha zaidi. Samadi au mbolea kidogo iliyowekwa kwenye shimo la mmea, badala ya kutawanywa shamba zima, huongeza mazao na mabua kwa pamoja. Ninaihesabu mbolea hiyo kuwa gharama ya kuhifadhi udongo. Njia ya pili ni kupandia katikati ya mistari mmea utakaoendelea kukua baada ya zao kuu kukomaa: fiwi, mbaazi, mukuna au marejea. Mbaazi huangusha majani mengi yenyewe na mizizi yake hushuka chini sana. Mukuna hufunika haraka, lakini ukiipanda mapema hupanda juu ya mahindi na kuyalaza; isubirishe mpaka mahindi yafike magotini au zaidi. Njia ya tatu ni kuleta kutoka nje: matawi ya miti ya kandokando, nyasi za mifereji, maganda na makapi ya sehemu za kupuria. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu.

Je, kichache ulichonacho ukitandaze chembamba shamba zima au ukilundike sehemu moja? Kwenye mteremko ulio sawa, tandaza kote, maana kifuniko cha mwanzo ndicho chenye faida kubwa kwa kila kilo. Lakini mashamba machache yana mteremko sawa. Kama kuna kipande kinachoinamia zaidi, au kilichokwisha kuota gamba, anzia hapo, kiwe na kifuniko kizito, na kila mwaka uongeze eneo.

Kuhusu kiasi cha kulenga baadaye, majaribio yaliyofanyika Ibadan, Nigeria, katika miaka ya 1970 kwenye miteremko ya asilimia 1 hadi 15 yalionyesha kuwa matandazo ya tani 4 hadi 6 kwa hekta yanaweza kuuzuia mmomonyoko karibu wote. Ni mengi. Lakini inafaa kujua kwamba lengo hilo lipo na linafikika.

## Kifuniko kinatosha, lakini maji yanatoka machafu

Mvua ikinyesha, toka na chupa ya kioo. Kinga maji yanapotoka shambani, kisha yakinge tena yanapoingia kutoka juu, kama yapo. Iache chupa itulie. Kinachotuama chini ndicho udongo wako, au wa jirani.

Kama maji yanayoingia tayari ni mengi na machafu, matandazo yako hayana kosa. Hakuna safu ya mabua inayoweza kusimamisha mkondo uliokusanyika kutoka barabarani, kwenye njia ya mifugo au shamba la juu. Chimba kwanza mfereji wa kukatiza maji kwenye mpaka wa juu, uyapeleke mahali penye nyasi au miti. Bila hivyo utakuwa unawalisha mabua watu wa bondeni kila mwaka.

Kama maji yanaanzia ndani ya shamba lako, inua mabua utazame chini yake. Ukikuta vifereji vidogo vinavyofuata mabua, angalia yamelazwa vipi. Bua lililoelekezwa bondeni huongoza maji kama mrija. Yalaze yakikata mteremko, na upande kwa kufuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa uleule. Fremu ya A, yaani nguzo tatu, uzi na jiwe, inatosha kuweka mistari hiyo bila fundi. Kwenye miteremko mikali kusanya sehemu ya mabaki yawe mistari mizito juu ya kontua, kisha katikati yake tandaza yaliyosalia. Kadiri mteremko unavyozidi, mistari hiyo isogezwe karibu zaidi. Ukiipandia nyasi zenye mizizi mingi, baada ya misimu kadhaa udongo unaokwama nyuma yake huanza kujenga ngazi. Mahali penye mteremko mkubwa hasa, mabaki ni msaidizi wa matuta na makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu. Hayachukui nafasi yake.

Kama hakuna vifereji ila maji yanateleza kote chini ya mabua, ardhi imekataa kunywa. Sababu ni mbili na zinatibiwa tofauti.

Ya kwanza ni gamba la juu. Kwangua kwa kidole udongo mkavu: likiinuka kama kibamba chembamba, ndilo hilo. Matandazo yaliyowekwa juu ya gamba yatalivunja kwa msaada wa mchwa na minyoo, ila huchukua muda. Likwangue kwa kina kifupi kabla ya kutandaza, au chimba mashimo ya kupandia, ili mvua za msimu huo zisipotee.

Ya pili ni tabaka gumu la chini, lililotengenezwa na plau au jembe la mkono lililopita kina kilekile miaka nenda rudi, mara nyingi kati ya sentimita 10 na 25. Siku mbili baada ya mvua kubwa, sukuma fimbo ya chuma ardhini. Ikishuka kwa urahisi, ikakwama ghafla, kisha ikapita tena baada ya kuisukuma kwa nguvu, umelipata. Ng'oa pia mmea mmoja: mzizi uliopinda na kwenda ubavuni unakwambia habari hiyohiyo. Matandazo pekee hayalivunji tabaka hilo kwa wakati unaokufaa. Lichane kwa ripa (chuma cha kukokotwa kinachochana mstari mwembamba wa kina) au kwa mashimo ya kina kwenye mistari ya kupandia tu, udongo ukiwa mkavu ili uvunjike badala ya kufinyangwa, kisha acha mizizi ya mbaazi iendeleze kazi. Baada ya hapo usirudie kulima eneo lote, na magurudumu na mifugo vipite njia zilezile.

Njia rahisi ya kujua kama hali inabadilika: chukua kopo lisilo na kitako, lididimize kidogo ardhini, lijaze maji, hesabu muda yanaoingia. Fanya hivyo shambani, kisha mahali pasipolimwa, kwa mfano chini ya ua wa miti au kwenye mpaka wenye nyasi, mpaka huo ukiwa na udongo wa aina ileile. Pengo kati ya nyakati hizo mbili ndilo deni la shamba lako.

## Mabaki yote yamesombwa yakarundikana chini

Ama yalikatwa madogo mno, ama hayakuwa na cha kushikia. Makapi na majani yaliyosagwa huelea. Kwenye mteremko tumia vipande virefu, na wakati wa kuvuna acha visiki vya sentimita 20 hadi 30 vikiwa vimesimama na mizizi yake, vitayakamata yaliyolala. Ukikuta yamerundikana kwenye mstari mmoja tu unaokata katikati ya shamba, hapo ni njia ya maji. Pageuze kuwa njia ya maji yenye nyasi za kudumu, usipapande tena.

Kama njia hiyo imekwisha kuwa korongo, kujaza mabua ndani ni kupoteza mabua. Korongo linahitaji kwanza maji yake yakatizwe juu, kisha vizuizi vya mawe au vya matawi yaliyoshikiliwa kwa vigingi, vikifuatana kutoka juu kwenda chini, kimoja kisaidie kingine.

## Mimea imekuwa ya manjano

Angalia majani gani yameanza. Mahindi yakianza na majani ya chini, manjano ikitoka kwenye ncha na kurudi katikati kwa umbo la V, ni njaa ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha mabua huhitaji naitrojeni, na mabua hayana ya kutosha. Mabua ya mahindi yana sehemu 50 hadi 60 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, mabua ya ngano hufika karibu 80. Ikizidi 25 hadi 30, vijidudu huanza kukopa kutoka kwenye udongo, na zao ndilo linalokopwa. Mkopo huo hurudi baadaye, ila mmea mchanga hauwezi kusubiri.

Kosa linalozidisha hali hii ni kuyachimbia mabua ndani ya udongo karibu na kupanda. Yakibaki juu, yanagusana na udongo kidogo tu na ukopaji ni mdogo. Yaache juu. Sogeza sehemu ya mbolea ya kukuzia ije mapema, na uifukie kandokando ya mmea. Ukiirusha juu ya mabua, nayo italiwa hukohuko. Zao la mikunde halitateseka sana, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa matandazo mazito ni mwaka mzuri wa kuipanda.

Manjano ikiwa ya mmea mzima, udongo chini ya mabua una majimaji na harufu ya kuoza, basi ni maji yaliyotuama. Huwapata wenye udongo wa mfinyanzi na wenye mashamba tambarare. Panda juu ya matuta, au sogeza mabaki mbali na mstari mpaka kipindi cha mvua nyingi kipite.

## Mbegu hazikutoka vizuri

Fukua. Mbegu ikiwa juu ya bua lililobonyezwa ndani ya tundu, haikugusa udongo. Safisha ukanda wa sentimita 10 hadi 15 wa kupandia. Ikiwa imeota ikajikunja chini ya mabaki, safu ilikuwa nene mno hapo. Ikiwa imekatwa shingoni usoni pa ardhi, tafuta sota, viwavi wanaokata miche, kwa kufukua kidogo jioni. Mabaki mabichi na magugu yaliyokatwa siku chache tu kabla ya kupanda huwavuta. Ua magugu wiki mbili au tatu mapema.

Jambo moja linalosahaulika: mabaki yaliyotoka kwenye eneo lililopuliziwa dawa za magugu ya majani mapana. Baadhi ya dawa hizo, hasa za kundi la clopyralid na picloram, hupita salama kwenye nyasi, hubaki kwenye majani makavu na hata kwenye samadi ya ng'ombe aliyeyala, kisha huumiza maharage na nyanya. Kama hujui yalikotoka, jaza vikopo viwili kwa udongo, kimoja kikiwa na vipande vya mabaki hayo, panda maharage na usubiri wiki tatu. Majani yakijikunja kwenye kikopo kimoja tu, jibu umelipata.

## Wadudu, magonjwa na magugu vimeongezeka

Hofu hii ni ya kweli kwa baadhi ya mambo. Bungua wa mabua huishi ndani ya bua lililosimama mpaka msimu mwingine. Yaliyoshambuliwa sana yalaze mara baada ya kuvuna yapigwe na jua kali kwa wiki kama nne. Wengi hufa kwa joto na ukavu. Hapa ushauri huu unagongana na ule wa kuacha mabua yamesimama kwa ajili ya mchwa, na lazima uchague kwa kuangalia ni nani anayekutia hasara kubwa zaidi.

Ugonjwa wa madoa ya kijivu ya majani ya mahindi hubaki kwenye mabaki yaliyo juu ya ardhi na kurukia mahindi yanayopandwa hapohapo. Dawa yake ni kubadilisha zao. Mahindi juu ya mabua ya mahindi, mwaka baada ya mwaka, ni kuuandalia ugonjwa kitanda, na hakuna faida ya udongo inayofidia hilo wakati mikunde ipo.

Magugu huongezeka kifuniko kikiwa chembamba: kinatunza unyevu lakini mwanga unapita. Misimu ya mwanzo itakudai palizi zaidi, jiandae. Kuhusu kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ng'oa kabla hakijatoa maua na usikiache kamwe ndani ya mabaki. Mbegu zake ni kama vumbi na hukaa hai ardhini kwa miaka mingi.

## Upepo ndio unaochukua udongo

Kwenye udongo wa kichanga ulio tambarare, usilaze mabua. Bua lililosimama huvunja kasi ya upepo karibu na ardhi, na kwa uzito uleule hukinga zaidi ya lililolala. Visiki virefu, mistari ikikata mwelekeo wa upepo mkuu, na udongo usisumbuliwe mpaka siku ya kupanda.

## Miaka mitatu, udongo umebaki, mavuno hayajapanda

Basi matandazo yamefanya kazi yake, na kizuizi ni kingine. Ardhi iliyochoka kwa muda mrefu mara nyingi ina asidi, na kwenye udongo wenye pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) chini ya 5.5 hivi alumini huanza kuudhuru mzizi. Mabaki peke yake hayatoshi kuiondoa asidi ya kiwango hicho. Inahitaji chokaa ya kilimo, na kipimo cha udongo ndicho kinachosema kiasi. Majani ya zambarau kwenye mimea michanga hudokeza upungufu wa fosforasi, ambao pia mabua hayawezi kuujaza, kwa kuwa yanarudisha kile tu ambacho udongo uliwahi kuwa nacho.

Fanya kipimo hicho kabla ya msimu wa nne, ukichukua udongo wa sehemu za juu, katikati na chini ya mteremko kila moja kwenye mfuko wake. Sehemu ya juu, ambako mmomonyoko ulikula zaidi, mara nyingi huhitaji matibabu tofauti na ya chini, ambako udongo wa juu ulikuwa ukituama miaka yote hiyo.